Madirisha Ambayo Nebihe Hakuyaomba

Kabla ya tetemeko, Fehim hakuwahi kukata dirisha kwenye kontena hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuziba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchomeleaji kwenye yadi ya kutengeneza makontena katika mji wa bandari wa Iskenderun, akiziba matundu, akinyoosha mabati yaliyobonyea, akibadilisha mipira ya milango ili maji ya bahari yasiingie kwenye mizigo ya watu. Akishamaliza kontena, hujifungia ndani na kusimama gizani, akizungusha macho polepole. Akiona nukta moja ya mwanga, hata ya ukubwa wa ncha ya sindano, hutoka na chaki kuweka alama, na kazi ikaanza upya. Wenzake walimcheka, lakini hakuna kontena lake lililowahi kurudishwa.

Tetemeko lilimkuta yadini, zamu ya usiku. Lilipiga alfajiri moja ya Februari, saa kumi na robo hivi, na makontena yaliyopangwa bandarini safu tano kwenda juu yakamwagika kama viberiti. Fehim alinyakua nyundo kubwa ya kazini, akakimbia nayo mpaka mtaani kwao. Jengo lao la ghorofa sita lilikuwa limelaliana, sakafu juu ya sakafu. Mkewe, Nebihe, alitolewa jioni ya siku ya pili, yu hai, mikono yote miwili imebanwa na kabati la nguo mpaka imekuwa myeusi. Binti yao wa pekee, Reyhan, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekuwa akisomea uuguzi, alitolewa asubuhi iliyofuata. Daktari wa kikosi cha uokoaji alimfunika, kisha akamwambia Fehim, "Amekwenda akiwa usingizini, mzee wangu. Hakujua lolote."

Neno hilo ndilo lililomsimamisha Fehim. Wengine walijishikiza kwenye dini, wengine kwenye hasira zao juu ya wajenzi. Yeye alijishikiza kwenye neno la daktari. Kila aliyekuja kumpa pole alijibiwa hivyo hivyo: "Alilala tu, hakuamka. Mungu alimhurumia." Nebihe alikuwa akiketi kando, bandeji hadi viwikoni, akitazama mkeka. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

Aliyewapa pa kujisitiri alikuwa Mwalimu Samiye, mwalimu mstaafu mwenye shamba la milimau njia ya Arsuz, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Alikuwa amefundisha nusu ya mji ule kusoma, na nusu hiyo aliendelea kuiamrisha. Familia kumi na nne zilipiga mahema baina ya milimau yake. Mvua ya Machi ilipogeuza shamba kuwa tope, Mwalimu alikwenda mwenyewe bandarini, akarudi na habari kwamba kuna makontena yaliyobonyea ambayo hayafai tena kupanda meli, na wenyewe wako tayari kuyatoa bure kwa atakayeyabeba.

"Fundi," alimwambia Fehim, amesimama mlangoni pa hema bila kuingia, "hivi vitu wewe unavijua. Vinaweza kuwa nyumba?"

"Ni masanduku, Mwalimu. Kiangazi utaoka mkate ndani yake."

"Sikukuuliza vina ubaya gani. Nimekuuliza vinaweza kuwa nyumba?"

Fehim alitazama mikono yake, ambayo kwa wiki sita haikuwa imefanya lolote ila kumlisha mkewe kijiko kwa kijiko. "Vinaweza," alisema.

Basi akaanza. Aliazima mashine ya kuchomelea na ya kukatia chuma, akapata umeme wa jenereta, na wanaume wenye mikono mizima wakamsaidia kubeba. Madirisha na milango waliviokota kwenye vifusi, kila kimoja na rangi yake. Mbao za sakafu zilikuwemo tayari, mbao ngumu za safari, alizisugua tu. Mara ya kwanza alipokata dirisha, kipande cha bati kikaanguka nje na jua likaingia kwa mkupuo, moyo ulimpiga kana kwamba amefanya kosa. Lakini watoto waliokuwa wakitazama walipiga makofi, akakata la pili.

Familia ya Edip ndiyo iliyoingia kwanza, kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito. Edip alikuwa mwoka mikate ya pilipili, mtu wa maneno mengi, aliyefiwa na ndugu zake wawili na kuwazika kwa siku moja. Tangu hapo alikuwa akifanya mzaha mfululizo, kama mtu anayeogopa kunyamaza. "Leo mimi ni mzigo," alisema akikanyaga kizingiti. "Jamani, nipelekeni Brazili!"

Fehim alitengeneza nyumba moja, ya pili, ya tano, ya tisa. Kontena lake mwenyewe aliliweka la mwisho. Mwalimu Samiye alimvumilia mpaka Mei ilipoanza, ndipo akaja na kumwonyesha kidole.

"Sasa la mkeo. Na usiniambie kuna mtu mwingine kwanza. Mama Reyhan analala chini, na mikono ile."

Watu wengine wa shamba walikuwa wameacha kumwita jina hilo, wakidhani ni hisani. Mwalimu hakuacha, na Nebihe alikuwa akimgeukia kila alipoitwa.

Kontena lile Fehim alilifanyia kazi kama anayemtengenezea bibi harusi sanduku. Alilipaka rangi nyeupe, akaweka jiko upande mmoja na kitanda upande wa pili, madirisha mawili, rafu za kimo cha Nebihe asilazimike kuinua mikono. Alimwita mchana mmoja, watu wamekusanyika. Nebihe aliingia, akagusa rafu kwa vidole vyake ambavyo bado havikukunjika sawasawa, akachungulia dirisha moja, akachungulia la pili.

"Mikono yako isikauke, Baba Reyhan," alisema. "Pazuri."

Wakafurahi wote. Edip alileta mikate, wakanywa chai. Lakini jua lilipoanza kushuka baharini, Nebihe alikunja uso, akasimama, akatoka. Alirudi hemani akalala huko. Kesho yake ikawa vivyo hivyo: mchana akiitwa anaingia, anapika, anafagia, kisha jioni anatoka kama anayefukuzwa.

Fehim hakuuliza. Alijiambia kwamba anajua. Mtu aliyekaa saa arobaini chini ya zege, nani atamlaumu akiogopa kuta nne? Akachukua mashine, akakata dirisha la tatu, pana kuliko yote. Akaungojea usiku, Nebihe akalala hemani. Akang'oa mlango mzito wa chuma akaweka wa vioo. Hemani. Akakata la nne, juu kabisa, mtu aone nyota akiwa amelala. Akatoa karibu nusu ya ukuta wa upande wa baharini, akaweka vioo vya duka la viatu lililobomoka, jina la duka bado limeandikwa juu yake.

"Fundi," alisema Edip, akizunguka kontena mikono nyuma, "ukiendelea hivi utatuachia fremu. Basi tutaanikia nguo."

"Huna mikate ya kuoka wewe?"

"Ninayo. Nimekuja kuangalia kama umebakisha chuma niazime trei."

Watu wakacheka. Mwalimu Samiye hakucheka. Alimvuta Fehim kando akamwuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa ajabu, "Hili paa litabebwa na nini?"

Fehim alijua. Nguvu ya kontena haiko kwenye paa wala kwenye sakafu, iko kwenye ile migongo ya bati ya ukutani. Ukiikata unakata mbavu zake. Asubuhi ile ile alikuwa ameona kwamba paa limebonyea katikati, upana wa vidole viwili. Alichomelea nguzo ya chuma ndani, katikati ya chumba, ambapo meza ingekaa. Nebihe aliitazama nguzo ile, akatundika kanga ya jikoni juu yake, akasema ahsante. Jioni akatoka.

Mwisho wa Mei dhoruba ilishuka kutoka milima ya Amanos, ikapasua hema lao toka mshono hadi mshono. Fehim alimkuta mkewe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelowa, nywele zimemganda usoni, na hatua kumi tu kutoka pale nyumba kavu imesimama mlango wazi. Hapo uvumilivu wake ukakatika.

"Nimetoboa chuma mpaka hakuna chuma!" alipaza sauti, na shamba zima likasikia. "Nimekuwa kichekesho cha watu. Niambie basi! Unataka dirisha lingine? Wapi? Nikate wapi tena?"

Nebihe aliinua uso. "Sikukuomba dirisha, Fehim. Hata moja."

"Basi unaogopa nini?"

"Siogopi. Laiti ningekuwa naogopa."

Mvua ilikuwa imekatika na jua la alasiri limetoka kali, mvuke ukipanda toka kwenye mabati. Nebihe aliyatazama makontena kwa muda, kama anayepima jambo kwenye mizani, na uzito wote uko upande mmoja. Kisha akasimama.

"Njoo ukae nami ndani," alisema. "Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Waliketi ukingoni mwa kitanda. Jua liliteremka, kivuli cha mikaratusi ya mpakani kikatambaa juu ya paa. Chuma kilichochemka alasiri kikaanza kupoa. *Tik.* Kikanyamaza. *Tik, tik.* Kikanyamaza kirefu. Kisha kwenye kona ya mbali, *tik.*

Fehim alikuwa amesikia sauti hiyo miaka thelathini na mmoja, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuisikia. "Ni bati, mke wangu," alisema, karibu acheke kwa faraja. "Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinanywea. Kila siku kinafanya hivyo, asubuhi na jioni. Hakina—"

"Najua ni bati." Nebihe alikuwa amekumbatia mikono yake. "Alikuwa akigonga hivyo hivyo."

Fehim hakuelewa, au alielewa akakataa. "Nani?"

"Alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nadhani alishika kitu, sijui kijiko, sijui pete yake. Alikuwa akigonga lile bomba la maji. Anagonga, ananyamaza anasikiliza, anagonga. Mimi vumbi lilikuwa limenijaa kooni, sauti haikutoka. Mikono iko chini ya kabati. Nilijaribu kugonga kwa kichwa, Fehim, lakini nyuma yangu kulikuwa na godoro."

Chuma kikalia tena. Nebihe alingoja kiishe, kama mtu anayemngoja mwingine amalize kusema.

"Mpaka ardhi iliporudi kutikisika mchana. Baada ya hapo sikumsikia tena. Mwanangu alinigongea asubuhi nzima, na mimi sikumjibu. Amekufa akidhani yuko peke yake."

"Daktari alisema..."

"Najua alivyosema daktari. Nimekusikia ukilirudia kwa kila mtu. Nilikuwa nakuona unalishika kama mzee anavyoshika fimbo." Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini sauti yake haikutetemeka. "Ningekunyang'anyaje? Nilisema, acha mmoja wetu alale. Wewe ukawa unakata madirisha, na mimi nikawa naona heri ukate kuliko ujue."

Fehim alitoka nje. Alipita kwa Edip bila kuitikia salamu, akafuata barabara kwa miguu, na kiza kilipokuwa kikiingia alikuwa amefika mtaani kwao. Kifusi kilikuwa kimeshaondolewa. Pamebaki uwanja mtupu wa changarawe na mbwa wawili wamelala. Aliketi pale jengo lilipokuwa, akahesabu kwa macho: hapa ngazi, hapa duka la chini, hapa chumba cha Reyhan.

Ndipo kumbukumbu ikamjia, moja ambayo hakuwahi kuipa nafasi. Siku ile ya kwanza hakukuwa na mashine wala askari, ni majirani na mikono yao. Asubuhi, saa nne labda, kijana mmoja aliyekuwa juu ya kifusi aliinua mkono akapiga kelele, "Kimya! Kila mtu kimya, nimesikia kitu!" Watu wote wakatulia. Yeye hakutulia. Alikuwa na ile nyundo ya yadini, alikuwa akivunja sakafu upande wa ngazi kwa kuwa mtu alimwambia familia yake ilikimbilia ngazini, na alidhani kila sekunde ni pumzi yao. Aliendelea kupiga. Kijana akamfokea, "Mzee, acha nyundo!" Akapiga tena, mara tatu, mara nne, mpaka wakamshika. Wakati walipomtuliza, yule kijana alisikiliza kwa muda, akatikisa kichwa, akashuka. Akasema huenda alikosea.

Fehim alikaa pale mpaka Edip alipokuja kumtafuta na gari la mikate. Edip alishuka, akaketi changaraweni kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakusema kitu chochote.

Siku tatu Fehim hakugusa mashine. Siku ya nne alikwenda kwa Mwalimu Samiye akamwuliza kama kuna sufu.

"Sufu ya nini, na jua hili?"

"Ya kuziba kuta. Kontena likivishwa sufu ndani, halilii."

Mwalimu alimtazama, akamtazama tena. Kwenye mji ule kila nyumba ilikuwa na magodoro na malihafu ya kujifunika ya sufu ya kondoo, yaliyoletwa na bibi na mama walipoolewa, na vifusi vilikuwa vimeyatapika kila mahali. Wanawake wa shamba walikwenda kuyakusanya, mpaka kwenye jalala kilikomwagwa kifusi cha mtaani kwa akina Fehim. Waliyapasua, wakaosha sufu mferejini mpaka maji yakaacha kuwa ya kijivu, wakaianika chini ya milimau, wakaichapa kwa fimbo ndefu kama mama zao walivyokuwa wakiichapa kila kiangazi. Nebihe alichapa pamoja nao. Mara ya kwanza fimbo ilimponyoka. Binti mmoja alikimbia kumwokotea, Mwalimu akamkemea, "Mwache Mama Reyhan aokote mwenyewe." Akaokota.

Katika sufu ile mlikuwa na lihafu jekundu lililotayarishwa kwa ajili ya ndoa ya Reyhan. Nebihe alilitambua kwa mshono wake. Alilipasua mwenyewe.

Fehim aliziba upya kwa kuchomelea madirisha mawili kati ya yale aliyokata, akarudisha ukuta wa upande wa baharini, akaacha nguzo ya katikati kwa kuwa sasa ilikuwa na kazi ya kanga. Kisha wakapigilia mbao kwa ndani, wakashindilia sufu kati ya bati na mbao hizo, kuta zote nne na dari, bila kuacha nafasi hata ya kidole. Jioni ile waliketi tena ukingoni mwa kitanda. Kivuli cha mikaratusi kikapita. Ndani palikuwa kimya kama ndani ya blanketi.

"Unasikia?" aliuliza Nebihe.

"Hapana."

"Hata mimi." Akakaa kidogo. "Nitauzoea na ukimya huu nao."

Alilala humo usiku ule, na usiku uliofuata. Wameishi ndani ya kontena lile majira mawili ya baridi, na mpaka leo hii majina yao yako kwenye orodha ya nyumba za serikali za mlimani, na Nebihe hana haraka nazo. Ijumaa hufukiza ubani mbele ya picha ya Reyhan, na siku nyingine huwafundisha wasichana wa shamba kushona, kwa maneno zaidi kuliko kwa vidole. Analia, lakini analia mbele ya watu, na watu humsogelea.

Fehim ndiye aliyebadilika. Sasa alikuwa akisikia kila bati. Alikwenda nyumba kwa nyumba akawashawishi wote wavishe kuta sufu, akiwaambia ni kwa ajili ya joto na baridi, na kweli Agosti ilipokuja wakamshukuru kwa ubaridi na Januari wakamshukuru kwa joto. Habari zikaenea, akaitwa mashamba mengine, kisha hadi Samandağ. Alikwenda kokote. Ila nyundo aliiacha tangu usiku ule wa changaraweni, na sababu hakumwambia mtu, hata Nebihe. Mabati yaliyobonyea alianza kuyanyoosha kwa jeki, polepole, sentimita kwa sentimita, kazi ya dakika kumi ikachukua nusu ya siku.

"Fundi, nyundo imestaafu?" alimtania Edip. "Au umemwoa jeki?"

"Bega," alisema Fehim. "Bega halinyanyuki tena."

Uongo huo ulimfikia Nebihe kabla ya chai ya jioni. Hakumwuliza mumewe lini lilianza wala kwa nini hakumwambia. Alikwenda kwa Mwalimu akaomba chupa ya mafuta ya mdafina, ule mti wa majani ya kunukia, akayapasha moto jikoni, akamwambia Fehim avue shati aketi kwenye kigoda.

"Hili la kulia?"

"Hilo."

Akamimina mafuta, akaanza kukanda kwa vidole vyake vigumu visivyokunjika, akisukuma kwa kiganja pale ambapo vidole vilishindwa. Alikanda kwa bidii, pumzi ikimpanda, na alikuwa akisema kwamba mwanamume wa miaka hamsini na sita hana budi kukubali kuwa si kijana. Fehim aliinamisha kichwa. Bega lake lilikuwa zima. Alitaka kumwambia aache, mikono yake itamuuma usiku. Badala yake alisema, "Hapo. Hapo hapo ndipo panapouma," na Nebihe akazidi kukanda.